"Mama, ule mchele tutamaliza kuulipa lini?"

Shikamoo Shangazi,

Naomba barua hii uitoe bila jina langu. Na ukitaka kunipa jina la bandia, tafadhali usiniite "mjane". Niite Fundi, maana ndiyo kazi yangu. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nimeanza na ombi hilo.

Nina miaka 38, naishi Makorora hapa Tanga. Nina watoto wawili, wa kiume yuko kidato cha pili, wa kike yuko darasa la nne. Nashona kwenye baraza la duka la mtu kule Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Madera, sare za shule, vitenge vya kwaya. Mume wangu alifariki mwaka 2020 pale hospitali ya Bombo, baada ya kuugua wiki tatu. Alikuwa dereva wa lori. Hakuacha akiba. Aliacha deni la duka na kodi ya miezi minne.

Usharika wetu ulinishika mkono, Shangazi, na hilo nalisema mbele ya Mungu. Kamati ya diakonia ilikuja kabla hata ya arobaini. Walileta mchele kilo 25, maharage, mafuta ya kula, sabuni. Walilipa kodi ya miezi sita. Mwezi uliofuata wakaleta cherehani ya kukanyaga, mpya, bado iko kwenye boksi lake. Mama mmoja wa kamati alikuwa akija jioni kukaa na mimi tu, hasemi kitu, anachambua mchicha wangu na kuondoka. Huyo nitamwita Mama wa Kamati. Kwangu ni kama mama mzazi.

Mwaka 2021, Jumapili ya mavuno, niliombwa nitoe ushuhuda. Nilikubali kwa moyo wangu wote. Nilisimama, nikaeleza nilivyokuwa na nilivyosaidiwa, nikalia, watu wakalia. Mchungaji alihubiri habari za Dorka. Siku ile kikapu kilipitishwa mara mbili, na mnada wa nje chini ya mwembe ulikwenda mpaka saa nane. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Mwaka 2022 nikaombwa tena. 2023 tena. Mwaka jana sikuombwa hata, nilikuta jina langu kwenye ratiba. "Mjane wetu atatusimulia." Na sasa iko picha. Siku walipoleta chakula walipiga picha, na katika picha hiyo mwanangu, wakati ule yuko darasa la nne, amekumbatia mfuko wa mchele. Shati limechanika kwapani. Kandambili moja ya kijani, nyingine ya bluu. Picha hiyo huonyeshwa ukutani kwa projekta, imo kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na mwaka jana waliichapa kwenye kipeperushi cha kuhamasisha matoleo.

Kipeperushi hicho kilifika shuleni kwao, sijui kwa mkono wa nani. Wenzake wakaanza kumwita "Sadaka". Alikuwa akipiga ngoma kwenye kwaya ya vijana, ameacha. Jumapili anaondoka asubuhi, ukimuuliza anasema alikuwa Raskazone, ufukweni. Nilipomgombeza hakunijibu vibaya. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: "Mama, ule mchele tutamaliza kuulipa lini?" Nilikosa neno.

Sikuzote nimejaribu kutoa. Mwaka jana niliweka shilingi 50,000 kwenye bahasha ya ahadi. Nilitaka iingie kimya kimya kama za wengine. Jumapili iliyofuata ikatangazwa: "Hata mjane wetu ametoa! Je, wewe mwenye mshahara?" Watu wakapiga makofi. Nikatamani sakafu inimeze. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mnadani, ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi halafu anamrudisha auzwe tena, watu wanacheka. Hakuna aliyewahi kusema "hata dereva ametoa".

Sasa mavuno yanakaribia. Mama wa Kamati amekuja mwenyewe. Mwaka huu kuna kaya sita: mbili nyumba zao za udongo zilianguka na masika, nyingine ina mtoto anayetakiwa kupelekwa Muhimbili. Akaniambia: "Mwanangu, wewe ukisimama watu hutoa. Tukisoma hesabu wanasinzia." Nilimwambia nitaona. Nilipomdokeza mama mwingine kwamba nimechoka, akacheka na kusema shukrani ya punda ni mateke.

Nisiposimama, mtoto wa watu akikosa nauli ya Muhimbili, si itakuwa juu yangu? Nikisimama, mwanangu nimemwuza. Nikihama kanisa, wateja wangu karibu nusu ni wa pale pale, na ndio walionizikia mume. Nina jirani, Bi mkubwa mmoja Mwislamu, ambaye tangu mwaka ule hajaacha kuniletea futari kila Ramadhani. Hajawahi kunisimamisha popote. Nami humpelekea vitumbua Krismasi. Kwa nini ile ni nyepesi na hii ni nzito? Au kweli nimekuwa mtovu wa shukrani?

Fundi, Tanga

*

Marahaba, Fundi mwanangu.

Nimeisoma barua yako usiku, nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi na chai. Swali la kijana wako lilinikalia kooni. Nitakuambia mapema kwamba sina jibu moja la kukukabidhi kama mtu anavyokabidhi risiti. Nina maswali, nina mambo machache ninayoyajua, na nina kisa changu kimoja cha aibu ambacho nitakisimulia kidogo mbele.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Hulalamiki kwamba ulisaidiwa. Hulalamiki kwamba kanisa linawahimiza watu watoe. Unataka watoe, na wewe mwenyewe unatoa. Kinachokuuma ni kwamba miaka mitano imepita, umeshona sare za nusu ya watoto wa Ngamiani, unalipa kodi yako, lakini kila mavuno unarudishwa kwenye ile siku ya kumi baada ya mazishi. Wenzako wanaruhusiwa kuwa leo walivyo leo. Wewe unatakiwa ubaki 2020. Na mwanao, ambaye hakuulizwa chochote, amebaki kwenye picha akiwa na kandambili za rangi mbili. Kama nimekosea, nisahihishe.

Umeniuliza kwa nini sahani ya Bi mkubwa ni nyepesi. Wewe ni mtu wa Tanga, jibu unalo mkononi kila Ramadhani. Ile sahani inakuja imefunikwa kawa. Kwetu pwani chakula kinachotoka nyumba hii kwenda nyumba ile hakipiti njiani wazi, si kwa sababu ya nzi tu. Mpita njia hapaswi kujua ni kitumbua au ni ugali mkavu, wala ni nani anampa nani. Halafu sahani yako hairudi tupu. Ukimpelekea vitumbua Krismasi, yeye anapokea na kusema ahsante, basi. Hatangazi msikitini kwamba "hata Mkristo wetu ameleta". Yeye leo anatoa, kesho anapokea. Kanisani wamekuachia mlango mmoja tu, wa kupokelea. Ulipojaribu kupita mlango wa pili na bahasha yako ya 50,000, wakakushika mkono na kukurudisha kwenye ule wa kwanza, tena kwa makofi.

Ukimwuliza Bi mkubwa, huenda akakuambia kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Masimbulizi ni neno zuri la Kiswahili ambalo tumeliacha lizeeke. Ni kule kumkumbusha mtu fadhila uliyomtendea mpaka fadhila yenyewe inageuka mwiba. Na kitabu chenu nanyi kinajua habari hizo. Mathayo sura ya 6 inasema utoapo sadaka usipige panda mbele yako, na mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sikuambii haya ili uende kumsomea mchungaji wako. Anayajua kuliko mimi. Nakuambia ili uache kudhani kwamba uzito unaousikia ni ukosefu wa imani.

Lakini sasa nikuulize maswali, na usikasirike.

La kwanza: una hakika wanajua? Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia mtu yeyote wa kamati neno "hapana". Sikupaona. Ulimwambia Mama wa Kamati "nitaona". Mwanangu, sisi tunajua kwamba kwetu "nitaona" ni "hapana" iliyovaa kanga. Ila mtu mwenye ratiba mkononi anaisikia kama "ndiyo". Mara ya kwanza ulisimama kwa furaha, ukalia, ukashukuru. Inawezekana kabisa wao wanaamini bado wanakupa heshima. Sisemi kwamba hilo linawaondolea kosa la kukuandika kwenye ratiba bila kukuuliza. Nasema tu kwamba kuna tofauti kati ya mtu anayekukanyaga kwa makusudi na anayekukanyaga kwa sababu hujapiga kelele.

La pili: ni kweli kwamba ukikaa kimya mtoto hatapata nauli ya kwenda Muhimbili? Hili limewekwa juu ya mabega yako na mtu unayempenda, ndiyo maana halihojiwi. Usharika mzima una waumini wenye mishahara, maduka, mashamba ya machungwa Muheza. Jukumu la kaya zile sita ni lao wote. Inaweza kuwa kweli kwamba hesabu zikisomwa watu wanasinzia, lakini hata mahubiri watu husinzia, na hakuna anayependekeza mahubiri yafutwe. Labda hesabu zinasomwa vibaya. Labda hakuna aliyewahi kuwaambia waumini kwa lugha iliyonyooka: kuna mtoto, ana miaka kadhaa, nauli na malazi ni kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, bado hiki. Mimi nadhani hilo lingemwamsha mtu. Nadhani, sijui usharika wenu.

Na la tatu, ambalo ni gumu kidogo. Mle ndani ya moyo, je, hakuna upande unaoogopa kwamba usiposimama, hutakuwa mtu wa kuonekana tena? Mtu akizoea kuitwa kwa jina fulani miaka mitano, hata kama linamchoma, siku likiondolewa anaweza kuhisi baridi. Kama upande huo haupo, nivumilie. Kama upo, ujue tu kwamba upo kabla hujaenda kuzungumza nao.

Kisa changu ndicho hiki. Zamani niliwahi kuwa katika kamati kama hiyo ya kwenu, mji mwingine. Tulimpelekea mzee mmoja godoro. Tukamwambia alishike tupige picha. Alilishika, lakini aligeuza uso pembeni, kuelekea mgomba. Nikamwambia, "Mzee, tazama huku." Mara tatu. Mara ya tatu akatazama. Picha ilitoka vizuri, na watoaji walifurahi kuona godoro limefika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mzee yule alikuwa akinijibu kwa shingo yake, nami nikawa namkaripia. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Nimekisimulia ili uone pia upande wa pili wa meza. Kamati hupiga picha kwa sababu inayoeleweka: anayetoa anataka kujua kwamba kitu kimefika, hakikuishia kwa mhazini. Jambo hili si geni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walilelewa pale kwa michango ya Wakristo wa Ulaya, na barua zilizokwenda Ulaya zilisimulia habari za watoto hao ili michango isikatike. Kusimulia shida ya mtu ili mfuko wa mwingine ufunguke ni kazi ya zamani, na imelisha watu wengi. Swali ni nani anaulizwa kabla hadithi haijasimuliwa, na hadithi inaisha lini. Uwazi wa fedha unaweza kuonyeshwa bila uso wa mtu: kaya ngapi, kilo ngapi, cherehani ngapi, risiti ziko kwa nani. Picha ya mifuko ya mchele ni picha. Si lazima mfuko ukumbatiwe na mtoto.

Sasa, njia zako. Naziona kama nne, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kusafiri Jumapili hiyo. Una shangazi Muheza, una msiba Korogwe, hujambo. Wengi wangefanya hivyo, nami nisingewalaumu. Ila ratiba ya mwakani itakuwa na jina lako tena, na picha itaonyeshwa hata usipokuwepo. Huenda ikasemwa "mjane wetu amepata udhuru, lakini tazameni..."

Unaweza kusimama mara ya mwisho na kuyasema haya haya uliyoniandikia mimi. Nakiri kuna sehemu yangu ingependa kuwapo siku hiyo. Lakini maneno ya madhabahuni hayarudi mfukoni. Ungeweza kumwaibisha Mama wa Kamati mbele ya watu, yule aliyekuchambulia mchicha, na watu wakakumbuka aibu wakasahau hoja. Na kijana wako angekuwa mada kwa Jumapili nyingine, safari hii bila picha lakini kwa jina.

Unaweza kuhama. Si dhambi, na usimruhusu mtu akuambie ni dhambi. Ila umenihesabia mwenyewe utakachoacha: wateja, na watu waliobeba jeneza. Mimi ningeliweka hili mwisho kabisa, kama mtu anavyoweka ndoo ya maji ya akiba.

Na unaweza kwenda kuzungumza. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia uanzie hapa, lakini wewe ndiye unayewajua watu hao. Usianze na mchungaji. Anza na Mama wa Kamati, nyumbani kwake au kwako, siku isiyo ya ibada, na kazi ya mikono iwe mbele yenu ili macho yapate pa kukaa. Mnajua kukaa kimya pamoja nyinyi wawili, mmeshakaa. Umwambie kwanza kile ulichoniambia mimi, kwamba kwako ni kama mama. Halafu umwambie alichouliza kijana. Usikipambe. Kiseme kama alivyokisema.

Hapo ningetenganisha mambo mawili ambayo barua yako imeyafunga fundo moja. Ushuhuda ni wako. Unaweza kuukataa, kuupunguza, kuuandika usomwe bila jina, au hata kuutoa tena ukiona moyo unakutuma. Picha si yako peke yako. Aliye kwenye picha hakukubali wakati ule kwa sababu alikuwa mtoto, na sasa amekataa kwa njia anazozijua yeye: ameacha ngoma, anakwenda Raskazone. Juu ya ushuhuda mnaweza kujadiliana. Juu ya picha, mimi nisingejadiliana. Ningeomba iondolewe kwenye projekta, kwenye kipeperushi, na atakayeitunza kwenye simu aambiwe asiitume. Huenda wakasema imeshasambaa, haikamatiki. Ni kweli, haikamatiki yote. Lakini kijana akijua kwamba mama yake aliomba, na kanisa likaacha kuichapa, hilo peke yake lina uzito kwake.

Kuna sheria, ukitaka kujua. Katiba yetu ibara ya 16 inazungumzia haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake na ya familia yake, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye tume yake ya kupokea malalamiko. Nakutajia ili usimame ukijua kwamba hauombi upendeleo. Lakini kuingia kwa Mama wa Kamati ukiwa na sheria mkononi ni kama kuingia chumba cha mgonjwa na tarumbeta. Iache nyumbani, ijue tu kwamba ipo.

Hatari ya njia hii ni ipi? Anaweza kuumia. Anaweza kusema, "Kumbe miaka yote ulikuwa unaona unateswa?" Huo ndio wakati utakaotamani kurudi kwenye "nitaona". Inawezekana pia aelewe yeye, lakini kamati isielewe, na yule wa punda na mateke akapata la kusema sokoni. Wateja wawili watatu wanaweza kupoa. Jipime kama una nafasi ya hilo mwezi huu, au unasubiri mpaka msimu wa sare za Januari upite. Kusubiri kwa sababu ya unga wa watoto si woga.

Kuhusu huyo wa punda. Umesoma habari ya wakoma kumi katika Luka 17? Kumi walitakaswa, mmoja akarudi kushukuru, wengine tisa hata hawakugeuka. Tunapenda sana kuhubiri juu ya wale tisa. Mimi hupenda kumtazama huyu mmoja. Alirudi, akaanguka miguuni, akashukuru, na akaambiwa inuka, enda zako. Hakuambiwa arudi kila mavuno. Wewe ulirudi mwaka 2021. Na Dorka ambaye mchungaji alimhubiri siku ile, angalia kwenye Matendo sura ya 9: aliyetajwa jina ni mtoaji. Wajane waliosimama pale wakilia na kuonyesha kanzu alizowashonea, mwandishi hakuwataja hata mmoja. Amewafunika kawa.

Kama unataka kuendelea kutoa, nami naona unataka, tafuta namna inayotoka kwenye ufundi wako. Mmoja wa kaya zile sita huenda ana binti anayeweza kujifunza kukanyaga cherehani pembeni yako, pale barazani. Au sare za watoto wa kaya hizo ukazishona kwa bei ya kitambaa na uzi tu. Shule za serikali ada zilifutwa tangu 2016, lakini sare haiji bure. Hapo ungekuwa unatoa kama Fundi, bila mtu kuanza sentensi na "hata". Ila nakutahadharisha: usilifanye hilo kuwa malipo. Usijipangie sare 40 kwa ajili ya kilo 25 za mchele. Na uwaombe wasitangaze. Wakitangaza, utakuwa umewapa hadithi mpya ya mavuno.

Nimemwacha kijana mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi. Usimwambie kwamba bila wale watu wangekufa njaa. Anajua, na ndiyo sababu anauliza bei. Wala usimlazimishe arudi kwenye ngoma; ngoma itamwita yenyewe au haitamwita. Muulize kipi hasa kinamuuma. Sisi watu wazima tunadhani tunajua. Inaweza kuwa si ushuhuda wako kabisa, inaweza kuwa ni zile kandambili. Inaweza kuwa ni jina tu la shuleni, na hilo lina mwalimu wa kulizungumza naye. Ukishamsikia, ndipo umwambie unalotaka kufanya, kabla hujalifanya. Amechoka kuwa mtu anayekuta mambo yake kwenye ukuta.

Na kuna kitu umekipitia haraka mno katika barua yako, mstari mmoja tu. Umesema marehemu alikuwa ananunua jogoo mnadani kwa bei ya mbuzi, anamrudisha auzwe tena. Fedha za jogoo yule zilikwenda wapi, Fundi? Ziliingia kwenye kapu lile lile. Miaka kadhaa, Jumapili baada ya Jumapili, kabla ya 2020. Kijana wako alikuwa mdogo, lakini hakuwa mdogo sana kiasi cha kutoona baba yake akichekwa na watu chini ya mwembe, jogoo kwapani. Amekuuliza mchele utamalizika kulipwa lini, nawe ukakosa neno.

Kabla hujaenda kwa Mama wa Kamati, kabla hujaamua juu ya Jumapili, muulize kama anamkumbuka yule jogoo.

Wako,
Shangazi